Mwalimu anauliza: Katiba ya Kenya inaruhusu kutoa mimba au inakataza?

SWALI: Salaam, Bi Wakili. Mimi ni mwalimu mlezi katika shule ya sekondari ya mseto huku Kwale. Wanafunzi wangu walifanya mjadala kuhusu utoaji mimba na mimi nikawa mwamuzi. Upande wa kwanza ulisoma Katiba kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Upande wa pili ukasoma kifungu hicho hicho ukasema Katiba inaruhusu. Sikuweza kuamua. Padri na ustadhi wanaotutembelea nao hawakulingana kama nilivyotarajia. Naomba unieleze sheria inasemaje hasa, dini zinasemaje, na wewe mwenyewe unaonaje. La mwisho ndilo linalonikosesha usingizi: nikiletewa msichana aliyebakwa, nimsaidieje bila kujitia matatani?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamesoma Katiba kuliko wabunge wengi. Shida yao ni kwamba kila upande ulifunga kitabu ulipofika mahali palipoupendeza.

Kifungu cha 26 kina sehemu nne. Ya kwanza inampa kila mtu haki ya kuishi. Ya pili inasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Ya tatu inakataza mtu kunyimwa uhai kwa makusudi, ila pale Katiba au sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu. Ya nne ndiyo iliyowagonganisha: kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, matibabu ya dharura yanahitajika, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kwa hiyo anayesema Kenya imeharamisha kabisa anakosea, na anayesema ni haki ya yeyote anayetaka naye anakosea. Ni katazo lenye milango, na milango ya tiba ina bawabu mmoja, yule mhudumu wa afya.

Sentensi hiyo inavuta pande mbili kwa sababu ilitungwa na watu waliokuwa wakivutana. Januari 2010 kamati ya wabunge ilijifungia Naivasha kupitia rasimu ya Katiba, na huko ikaingiza maneno kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Ikaongeza kwamba mimba isitolewe ila daktari aliyesajiliwa akiona uhai wa mama umo hatarini. Rasimu iliporudi kwa Kamati ya Wataalamu iliyokuwa ikiiandika, maneno ya Naivasha yalibaki lakini milango ikapanuliwa. Penye "uhai" pakaongezwa "afya", na penye daktari pakawekwa mhudumu wa afya aliyehitimu, kwa sababu wanawake wengi wa vijijini hawajawahi kuonwa na daktari. Wanayemwona ni muuguzi au afisa wa kliniki. Kanisa Katoliki na Baraza la Kitaifa la Makanisa waliwahimiza waumini kuikataa rasimu kwa sababu ya kifungu hiki na ya Mahakama za Kadhi. Tarehe 4 Agosti 2010 takriban theluthi mbili ya waliopiga kura waliikubali. Utasikia watu wakisema kifungu hiki kilipenyezwa usiku wananchi wamelala. Si kweli. Hakuna kifungu kilichopigiwa kelele mimbarini na kwenye mikutano ya kampeni kama hiki.

Basi kama Katiba imefungua milango, kwa nini polisi bado wanakamata? Kwa sababu Kanuni ya Adhabu, sheria ya enzi za mkoloni, haikuguswa. Kifungu cha 158 kinampa miaka 14 anayetenda jambo kinyume cha sheria kwa nia ya kumtoa mwanamke mimba. Cha 159 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 7. Cha 160 kinampa miaka 3 anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumika kwa kazi hiyo. Ukivuka Lunga Lunga kuingia Tanzania utazikuta namba zile zile, 14, 7 na 3, katika vifungu vya 150 hadi 152 vya Kanuni ya Adhabu ya huko. Uganda pia ni 14, 7 na 3. Hazikulingana kwa bahati. Zote zimetoka kwenye ukoo mmoja wa sheria za Uingereza, na maneno yake yanarudi nyuma hadi sheria ya 1861 ya wakati wa Malkia Victoria. Waingereza wenyewe walilegeza yao mwaka 1967. Sisi tuliopata uhuru kabla ya hapo tukabaki na ya babu yao, na leo tunaitetea kama mila ya Kiafrika. Jambo hili hunichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

Tazama neno "kinyume cha sheria" ndani ya kifungu cha 158, maana limebeba historia nzima. Mwaka 1938 London, msichana wa miaka 14 alibakwa na wanajeshi akapata mimba. Daktari Aleck Bourne alimtoa mimba hospitalini waziwazi, kisha akawaarifu wakuu wa sheria wamshitaki wakitaka. Jaji aliwaambia wazee wa baraza kwamba kama sheria inazungumzia utoaji mimba ulio kinyume cha sheria, basi uko pia ulio halali, na kwamba kuokoa uhai wa mama hakuna maana ya kungoja hadi awe anakata roho. Daktari akiamini kwa dhati kwamba mimba ile itamwacha msichana ameharibika mwili au akili, ametenda kwa ajili ya kuokoa uhai. Bourne akaachiliwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilifuata mwongozo huo katika kesi ya Mehar Singh Bansel. Kwa hiyo hata kabla ya uhuru, na hata kwa ndugu zetu wa Tanzania ambao Katiba yao haisemi lolote juu ya mimba, haijawahi kuwa kweli kwamba daktari hana ruhusa kabisa.

Wanafunzi wako walisema pia kwamba ni mauaji. Kimaadili mtu anaweza kulijengea hoja hilo, na nitalirudia. Kisheria, hapana. Kifungu cha 214 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mtoto anahesabika kuwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima kabisa mwilini mwa mama yake, na ndiyo maana kutoa mimba kuliwekewa kosa lake peke yake. Hilo halijawazuia waendesha mashitaka kujaribu. Mwaka 2004, vijusi vilipookotwa vimetupwa Nairobi, daktari mmoja na wauguzi wawili walishitakiwa kwa mauaji, wakakaa rumande karibu mwaka mzima kwa sababu ya uzito wa shitaka, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikawaachilia. Wapo wanasheria wanaosema kifungu cha 26 cha Katiba kimekiua kile cha 214. Mimi sioni hivyo. Kama Katiba ingekusudia kijusi kilingane na mtu aliyezaliwa kwa kila hali, isingeweza mistari miwili baadaye kumruhusu muuguzi kutoa mimba kwa ajili ya afya ya mama. Hatumruhusu mtu amuue jirani yake kwa ajili ya afya.

Sasa mahakama za baada ya 2010. Mwaka 2012 wizara inayohusika na afya ilitoa mwongozo wa kuwaelekeza wahudumu namna ya kutekeleza kifungu cha 26. Desemba 2013 mwongozo huo ukaondolewa, na mapema 2014 ikafuata barua ya kupiga marufuku mafunzo ya utoaji mimba salama kwa wahudumu. Katiba ikabaki inasema "kwa maoni ya mhudumu aliyehitimu", na serikali hiyo hiyo inakataza mhudumu kuhitimu. Mwaka huo wa 2014 msichana mdogo wa magharibi mwa nchi alibakwa na mtu mzima, akapata mimba, akatolewa na mtu asiye na ujuzi, akazungushwa hospitali baada ya hospitali huku figo zikifa. Alifariki 2018. Mama yake pamoja na chama cha mawakili wanawake, FIDA-Kenya, walikuwa wamekwenda mahakamani, na Juni 2019 majaji 5 wa Mahakama Kuu walitoa uamuzi ambao kila mwalimu mlezi angefaa kuujua. Walisema kutoa mimba bado ni kosa nje ya milango ya kifungu cha 26. Walisema kuondoa mwongozo na kuzuia mafunzo kulivunja haki za wanawake. Walisema mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa kihalali ikiwa, kwa maoni ya mhudumu aliyehitimu, inahatarisha uhai au afya ya mama, na afya hiyo ni ya mwili na ya akili. Mama wa marehemu akaamuriwa kulipwa shilingi milioni 3.

Angalia kwamba hawakusema kubakwa peke yake kunatosha. Walisema kubakwa kunaweza kujeruhi afya, na mhudumu ndiye apime. Watetezi wengi wa haki za wanawake huuruka mstari huu wanapoinukuu kesi. Kwa vitendo tofauti ni ndogo, kwani sijui mtoto wa miaka 14 aliyebakwa ambaye akili yake imebaki salama, lakini kisheria ni tofauti, na karatasi isiyo na maoni ya mhudumu haimlindi mtu.

Nani basi ni mhudumu aliyehitimu? Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 6, inamtaja daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki aliyefunzwa kushughulikia matatizo ya ujauzito na mwenye leseni hai, na inataka kazi ifanyike katika kituo cha afya kinachotambuliwa. Mwenye duka la dawa anayeuza vidonge chini ya kaunta hayumo. Mkunga wa jadi hayumo. Sheria hiyo hiyo inaeleza afya kuwa hali ya ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, na wala si kukosa ugonjwa tu.

Machi 2022, Mahakama Kuu ya Malindi, chini ya Jaji Reuben Nyakundi, ilikwenda mbali zaidi. Afisa wa kliniki kutoka hapo Kilifi alikuwa amemhudumia msichana wa shule aliyefika na maumivu na damu, polisi wakaivamia kliniki na kuwakamata wote wawili. Jaji alifuta mashitaka, akasema haki ya huduma hii imo ndani ya Katiba, na akalitaka Bunge litunge sheria inayoendana nayo. Magazeti yaliandika kana kwamba utoaji mimba umehalalishwa. Ukiulizwa na wanafunzi, waambie Mahakama Kuu ina mahakama mbili juu yake, ya Rufaa na ya Juu, na kwa hiyo simshauri mtu ajenge nyumba yake juu ya uamuzi wa Malindi. Ajenge juu ya maandishi ya kifungu cha 26 na Sheria ya Afya, ambayo yanatosha kwa msichana unayemhofia. Bunge nalo lina historia yake. Miswada ya afya ya uzazi iliyoletwa Seneti mwaka 2014 na tena 2019 ilizimwa na makelele. Wabunge wetu wanajua kutunga sheria ya miwa, lakini hii hawaigusi, kwa sababu kila Jumapili wanasimama mbele ya madhabahu kuomba kura.

Hapa ndipo ubishi wa kweli ulipo, Mwalimu. Wanafunzi wako walibishania uhai unaanza lini, na Katiba imeshalijibu hilo. Kinachobishaniwa mahakamani ni upana wa neno afya na nani apime. Wanaopinga wana hoja yenye nguvu, na ningewapa alama kama wangeisema: ukilieleza neno afya kwa upana wa ukamilifu wa mwili, akili na jamii, hakuna mjamzito mwenye dhiki ambaye hatapita mlangoni, na katazo limebaki jina. Sidhani hoja hii inajibika kwa kubeza. Jibu langu ni kwamba upana huo unapimwa na mtu mwenye leseni ya kupoteza, kwa mgonjwa mmoja mmoja, na Katiba inataka hatari, haitaki usumbufu. Lakini nakiri kwamba bila sheria ya Bunge inayoeleza hatua za kufuata, mizani inabaki mkononi mwa mtu mmoja aliyechoka zamu ya usiku, mwenye imani yake na woga wake. Mwenye pesa Nairobi anampata mtaalamu wa akili na barua yake asubuhi hiyo hiyo. Binti wa Samburu au Kinango anapata neno "hatufanyi mambo hayo hapa".

Kuhusu padri na ustadhi, ulishangaa kwamba hawakulingana. Mimi ningeshangaa kama wangelingana.

Msimamo wa Kanisa Katoliki leo ni mkali na wa wazi: uhai wa mtu unastahili heshima kamili tangu kutungwa mimba, na kuutoa kwa makusudi ni kosa zito, hata kama mimba ni ya kubakwa. Hata hivyo kanisa lenyewe lilitembea njia ndefu kufika hapo. Kutoa mimba lilikuhesabu dhambi tangu karne za mwanzo, lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, alifundisha kwamba roho ya kibinadamu huja baada ya mwili kuumbika kiasi, na sheria ya kanisa kwa muda mrefu ilitofautisha adhabu ya mimba iliyoumbika na isiyoumbika. Papa Pius IX aliifuta tofauti hiyo mwaka 1869. Na hata katika ukali huo padri atakwambia kuhusu tendo lenye matokeo mawili. Mwanamke mwenye mimba iliyoota kwenye mrija, nje ya mfuko wa uzazi, anaweza kuondolewa mrija uliougua, ingawa kijusi kitakufa, kwa kuwa nia ni kutibu. Madhehebu mengine ya Kikristo nchini, wakiwamo wengi wa Waprotestanti, husema waziwazi kwamba uhai wa mama ukiwa hatarini aokolewe, bila kupita njia hiyo ndefu ya hoja.

Kwa Waislamu mazungumzo huanzia kwenye hadithi ya Ibn Masud iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayotaja hatua za siku 40, 40 na 40 kabla ya malaika kupuliza roho. Ndiyo maana utasikia siku 120 zikitajwa. Baada ya siku hizo wanachuoni wamekubaliana kwamba ni haramu, ila kuokoa uhai wa mama, kwa hoja kwamba mama ni shina na shina halikatwi kwa ajili ya tawi. Kabla ya siku hizo wametofautiana kweli kweli. Wengi wa Hanafi wameruhusu penye udhuru, Maliki wamekataza mapema kabisa, na Shafii, madhehebu ya pwani yetu, wenyewe wamegawanyika. Imamu Ghazali, aliyekuwa Mshafii, alisema kosa huanza mbegu zinapokutana na kutulia, kisha linazidi uzito hatua kwa hatua hadi kuzaliwa. Mwaka 1990 Baraza la Fiqhi, yaani la sheria za Kiislamu, la Makka liliruhusu kutoa mimba kabla ya siku 120 ikithibitika kijusi kina ulemavu mkubwa usiotibika.

Jambo moja kwenye fiqhi hunivutia kama mwanasheria. Mtu akimpiga mjamzito na mimba ikatoka imekufa, fidia yake, ghurra, hukadiriwa kwa ngamia 5, na diya, fidia ya kumuua mtu mzima, ni ngamia 100. Kitabu cha Kutoka 21:22 nacho kinazungumzia faini kwa anayemsukuma mjamzito akaharibikiwa mimba, ingawa wafasiri wanabishana mstari huo unamaanisha nini. Sheria za kale ziliona kuna kitu cha thamani tumboni, cha kulipiwa na kuogopewa. Hazikukiweka kwenye mizani moja na aliyezaliwa. Ghazali na padri wako wanaweza kuketi meza moja wakakubaliana juu ya uzito wa jambo kuliko wanavyokubaliana juu ya adhabu.

Uliniuliza mwenyewe naonaje. Siamini kilichomo tumboni ni kipande cha nyama. Ni mwanadamu anayeanza, na anayeniambia kwamba kukitoa ni sawa na kung'oa jino simwelewi. Hoja ya wanaotetea kijusi kwamba tusipime thamani ya mtu kwa ukubwa wake au uwezo wake ni hoja nzuri, na mama yeyote aliyemlea mtoto mlemavu anaijua kuliko mimi. Upande wa pili nao wana jambo ambalo wanaume wengi huliruka: kijusi hakikai hewani. Kinaishi ndani ya mtu mwingine, kinakula damu yake kwa miezi 9, na hakuna sheria nyingine ya Kenya inayomlazimisha mtu atoe mwili wake namna hiyo kwa ajili ya mwenzake. Siwezi kumlazimisha baba atoe figo kwa mwanawe wa kuzaa. Nikiziweka hoja hizi pamoja, nabaki mtu anayeona kutoa mimba ni jambo zito ambalo mara nyingine ni sahihi na mara nyingi ni msiba.

Lakini jela ni swali jingine, na hapa sina mashaka. Utafiti uliofanywa na APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu barani Afrika, pamoja na Wizara ya Afya ulikadiria kwamba mwaka 2012 peke yake mimba karibu 465,000 zilitolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yake. Miaka 7 ya kifungu cha 159 ilikuwapo siku zote hizo. Magereza yetu hayana nafasi ya hata sehemu ya kumi ya wote waliotoa mimba mwaka ule, na hakuna anayedhani tuwajaze humo. Kwa hiyo sheria inabaki kumwangukia mmoja mmoja: yule aliyechelewa kufika hospitalini, yule ambaye jirani alikuwa na kisa naye, yule asiye na kitu cha kumpa polisi. Wanaopinga utoaji mimba kwa dhati wangepata zaidi kwa kupigania ada za shule, sodo, na wabakaji wafungwe, kuliko kwa kukilinda kifungu ambacho wao wenyewe wasingekubali kitumike kwa binti zao. Na wanaotetea nao waache kujifanya kwamba hakuna kinachopotea.

Sasa msichana wako.

Akikufikia mapema, saa ndizo dawa. Mpeleke hospitali ya umma kabla ya kwenda kituo cha polisi, maana matibabu hayangoji namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianzwe ndani ya saa 72. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, P2, ndani ya saa 120, na kadiri anavyovimeza mapema ndivyo vinavyofanya kazi. Wapo walimu wanaoogopa P2 wakidhani inatoa mimba. Inachelewesha yai kutoka. Mimba iliyokwisha kujishikiza haiiondoi. Asioge kwanza, nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi kwa kuwa nailoni huozesha ushahidi, na hospitalini ijazwe fomu ya huduma baada ya ubakaji. Fomu ya P3 ya polisi itafuata.

Akikufikia amechelewa na mimba imeingia, kazi yako ni kumfikisha kwenye kituo chenye leseni na kueleza yaliyompata, basi. Mhudumu atampima mwili na akili na kuandika maoni yake. Kumpeleka mtoto hospitalini akaonwe si kosa. Kumtafutia vidonge mwenyewe ni kosa la kifungu cha 160, hata ukiwa na huruma kiasi gani, na vidonge vya mtaani vinaua. Akiwa chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ahusishwe, isipokuwa kama yeye ndiye anayeshukiwa. Hapo mwendee afisa wa watoto, au piga 116, simu ya watoto, au 1195, ya ukatili wa kijinsia. Msichana mwenyewe asikilizwe. Nimewaona wazazi wakimlazimisha binti atoe ili kuficha aibu, na wengine wakimlazimisha azae ili kuadhibu aibu ile ile.

Akiamua kuzaa, mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unampa njia ya kurudi shule baada ya kujifungua, na mwalimu mkuu hana ruhusa ya kumfukuza moja kwa moja. Na ukiambiwa kuna msichana bwenini anatokwa damu na hataki kusema kwa nini, usianze na maswali. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mhudumu ambaye dhamiri yake haimruhusu kutoa mimba bado analazimika kumtibu aliyekwisha kutoka mimba na anavuja damu.

Kuhusu aliyefanya kitendo, mtoto chini ya miaka 18 hawezi kukubali kisheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inatoa kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, si chini ya miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, na si chini ya 15 kwa wa 16 hadi 18. Mkosaji akiwa mwalimu mwenzako, waraka wa TSC, tume inayoajiri walimu, namba 3 wa 2010 unakutaka uripoti ndani ya saa 24. Na wazee wakija na maslaha, mbuzi wawili na pesa kidogo yaishe nyumbani, waambie kwa adabu kwamba kesi hiyo si yao kuimaliza wala si ya baba wa msichana. Anayeweza kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma peke yake.